Tikiti rahisi, mzigo ghali

Mtu wa jamaa akipata safari ya Ulaya, habari haikawii kufika kila nyumba. Pengine ni kijana aliyepewa nafasi katika chuo kikuu, pengine ni mtawa anayeitwa na shirika lake, pengine ni mama anayekwenda kumtunza binti yake aliyejifungua. Kabla ya jua kutua wamekwisha kuja: shangazi na chupa ya mawese, mjomba na samaki wakavu waliofungwa katika gazeti, jirani na kifurushi cha mwanawe aliye Liège. Wote huuliza: «Tikiti imekugharimu kiasi gani?» Hakuna anayeuliza: «Na mzigo, je?»

Msafiri mwenyewe mara nyingi hajui. Atajua siku ya kuondoka, mbele ya mizani, watu wengi wakimngoja nyuma yake. Ataambiwa kwamba kilo zimezidi, na bei yake ni hii. Fedha hizo hana. Basi sanduku litafunguliwa pale chini, nguo zitatolewa mbele ya macho ya wote, na mawese ya shangazi yatarudi nyumbani na yule aliyemsindikiza. Nani aliyefika uwanja wa ndege asiyeona jambo hilo? Hasara yake yaweza kusahauliwa, lakini aibu yake haisahauliki upesi.

Wasomaji wetu wajue kwanza jambo hili: bei ya mzigo wa ndege si moja. Ni ndogo mtu akiwa bado nyumbani. Hukua akifika uwanjani. Huwa kubwa kabisa mlangoni pa ndege. Sanduku ni lile lile, kilo ni zile zile. Anayechelewa kujua ndiye anayelipa zaidi, na anayechelewa kujua, kwa kawaida, ni yule asiyesafiri mara nyingi, ambaye jamaa yake imejinyima mwaka mzima ili kumnunulia tikiti.

Kanuni ya zamani

Tarehe 12 Februari 1925, Mbelgiji Edmond Thieffry aliondoka Brussels na wenzake wawili katika ndege ya kampuni ya Sabena. Walifika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili: siku 51. Miaka kumi baadaye, mwaka 1935, Sabena ilianza safari za ratiba kati ya Ubelgiji na Kongo, na siku 51 zikawa tano na nusu. Siku zile hakuna aliyefikiri kusafiri kwa ndege na magunia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni za dunia zilipatana kanuni iliyoshikwa miaka mingi. Abiria wa daraja la chini alipewa kilo 20. Wa daraja la kwanza alipewa kilo 30. Kila kilo iliyozidi ililipiwa asilimia moja ya tikiti ya daraja la kwanza, safari ya kwenda tu. Tuseme tikiti hiyo ni franka 20,000: kilo moja ya ziada ni franka 200, kilo tano ni franka 1,000. Mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kuifanya hesabu hiyo. Lakini tazameni jambo moja la ajabu: mtu aliyekaa nyuma, katika kiti cha bei ya chini, alitozwa kilo zake kwa kipimo cha tikiti ya tajiri aliyekaa mbele! Hata hivyo bei ilijulikana, na ilikuwa ile ile kwa kampuni zote.

Tangu miaka ya 1970 desturi nyingine ilitoka Marekani: kuhesabu masanduku. Ndiyo inayofuatwa leo katika safari nyingi za mbali. Msafiri hupewa sanduku moja au mawili, na kila moja lisizidi kilo 23. Kwa nini 23, wala si 20 au 25? Kwa sababu ni pauni 50 za Wamarekani. Tena sanduku hupimwa kwa futi: urefu, upana na kimo vikijumlishwa visipite sentimeta 158.

Hapa wengi huanguka. Mtu ana haki ya masanduku mawili ya kilo 23, yaani kilo 46 kwa jumla. Amejaza moja kilo 30, na la pili kilo 10. Anasema moyoni: «Nina kilo 40 tu, nimebakiwa na sita.» Kumbe, sanduku la kwanza limezidi kilo saba, naye atalipa! Kampuni nyingi haziachi kilo za sanduku moja zisaidie lingine. Afadhali angegawa vitu vyake sawasawa jioni ile nyumbani, kilo 20 huku na 20 huku, asingelipa hata senti.

Na likizidi kilo 32 hukataliwa kabisa mahali pengi, hata mwenyewe akiwa na fedha mkononi. Kanuni hii si ya biashara. Chini ya ndege wako wafanyakazi wanaonyanyua masanduku kwa mikono, mamia kwa siku, wengi wao wameinama ndani ya tumbo la ndege ambamo mtu hawezi kusimama wima. Nao wana migongo kama sisi.

Bei ilivyotengwa na tikiti

Zamani, basi, sanduku lilikuwa ndani ya bei ya tikiti. Nani alilitoa?

Huko Ulaya, mwaka 2006, kampuni ya Ryanair ya Ireland ilianza kutoza kila sanduku linalowekwa chini ya ndege. Bei ilikuwa ndogo, euro chache tu. Na tangu siku ile ya kwanza aliyelipa mapema alilipa kidogo kuliko aliyelipa uwanjani. Huko Marekani, mwaka 2008, bei ya mafuta ilipopanda kuliko wakati wote uliotangulia, American Airlines ilitoza dola 15 kwa sanduku la kwanza. Wengine wakafuata. Walisema: mafuta ni ghali, na mzigo hula mafuta. Baadaye mafuta yalishuka, ada haikushuka. Mwaka 2023 kampuni za Marekani zilikusanya zaidi ya dola bilioni 7 kwa mizigo peke yake. Kampuni ya Southwest, iliyojisifu miaka mingi kwa kuchukua masanduku mawili bure, iliacha desturi hiyo tarehe 28 Mei 2025.

Je, ni kweli kwamba mzigo hula mafuta? Ni kweli. Lakini tufanye hesabu. Kila saa ya safari, ndege huchoma kwa ajili ya uzito wa ziada mafuta yenye uzito wa kadiri ya sehemu tatu au nne katika mia za uzito huo. Basi sanduku la kilo 23, katika safari ya saa nane, litakula kama kilo sita au saba za mafuta. Hizo ni dola chache, wala si 60 wala 100. Zilizobaki ni biashara. Huko Marekani kuna na sababu nyingine ambayo watu hawaitaji: serikali hutoza kodi ya asilimia 7.5 juu ya bei ya tikiti za safari za ndani, lakini ada ya sanduku haimo katika kodi hiyo. Tena, mtu anayetafuta tikiti huona kwanza bei ya tikiti. Kampuni yenye tarakimu ndogo ndiyo humvuta. Mzigo huja baadaye, moyo wake ukiwa umekwisha kuchagua.

Sisemi kwamba ni wizi. Mwanafunzi anayesafiri na mfuko mmoja begani hufaidika kweli: kwa nini alipie masanduku ya mwingine? Kosa ni kumficha mtu bei mpaka asiwe na njia ya kurudi nyuma.

Wala tusichanganye mizani mbili. Katika nchi yetu, mwenye kusafiri kwa zile ndege ndogo zinazopeleka mapadri, wauguzi na dawa mahali pasipo na barabara, hupimwa yeye mwenyewe pamoja na mfuko wake. Asikasirike. Kivu na Katanga ziko juu sana: Lubumbashi ni kama meta 1,300 juu ya bahari, Goma kama meta 1,500, na uwanja wa Kavumu karibu na Bukavu hupita meta 1,700. Hewa ya huko ni nyepesi, na joto la mchana huizidisha wepesi. Mabawa hushika hewa kidogo, na injini hupungukiwa nguvu. Mizani ile ni ya kulinda roho za watu. Rubani akisema kifurushi kibaki, kibaki.

Tikiti mbili, sheria mbili

Tumfuate sasa msafiri wetu. Anatoka Lubumbashi kwenda Brussels, akipitia Addis Ababa. Ana tikiti ya kampuni kubwa, nayo imempa masanduku mawili ya kilo 23. Akiisha kufika Ubelgiji anataka kwenda Roma kuhiji. Rafiki amemtafutia tikiti ya euro 30 kutoka uwanja wa Charleroi. Euro 30! Anamshukuru Mungu.

Tikiti hiyo ya pili haijui lolote juu ya ile ya kwanza. Kama safari nzima ingekuwa katika tikiti moja, haki ya mizigo kwa kawaida ingemfuata mpaka mwisho, hata akibadili ndege. Lakini ni tikiti mbili, basi ni sheria mbili. Ryanair, inayoruka kutoka Charleroi, humpa abiria wa bei ya chini mfuko mmoja mdogo tu, bure, wa sentimeta 40 kwa 30 kwa 20, unaoingia chini ya kiti. Ni kama mkoba wa shule. Masanduku yake mawili ya kilo 23 yote yalipiwe. Na akiyalipia kwa kwenda na kwa kurudi, ile tikiti ya euro 30 itaonekana kama kichekesho.

Akifika mlangoni pa ndege na mfuko usioingia katika kile kisanduku cha kupimia, ataweza kutozwa hadi euro 75. Wala asitumaini kwamba mfanyakazi atafumba jicho. Michael O'Leary, mkuu wa kampuni hiyo, alisema waziwazi Julai 2025 kwamba mfanyakazi akimkamata mwenye mfuko uliozidi atapewa zawadi ya euro 2.50 badala ya 1.50 ya kwanza.

Ulaya yenyewe haijapatana juu ya mambo haya. Tarehe 18 Septemba 2014 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba kampuni yaweza kutoza sanduku la chini ya ndege, lakini mfuko wa mkononi wenye kadiri ya haki ni kitu ambacho msafiri hawezi kukikosa, basi usitozwe. Lakini kadiri ya haki ni ipi? Mahakama haikutaja sentimeta. Ndiyo maana Novemba 2024 serikali ya Hispania ilizitoza kampuni tano, Ryanair ikiwa mojawapo, faini ya jumla ya euro milioni 179, kwa sababu ya mifuko ya mkononi pamoja na makosa mengine. Nazo zikakata rufani. Wakubwa wakibishana, msafiri wetu yuko mlangoni na mkoba wake. Afanye nini? Aache sanduku moja kwa jamaa au kwa watawa wa Brussels, ahiji na mkoba mmoja, arudi kulichukua. Siku nne za Roma hazihitaji kilo 46.

Soma tikiti

Katika karatasi ya tikiti, penye neno la mizigo, kuna alama fupi ambazo wengi hawazitazami. Ukiona 2PC, ni masanduku mawili. 1PC ni moja. 0PC ni kwamba huna hata moja la kuweka chini ya ndege. Ukiona 20K au 30K, ni kilo, nazo zahesabiwa kwa jumla. Tikiti ya bei ya chini kabisa pengine huitwa Light, yaani nyepesi, na wepesi wake ndio huu. Aliyekuuzia akikwambia «mzigo umo», mwombe akuonyeshe alama hiyo kwa kidole. Kama sanduku limekosekana, linunue siku ile ile, kabla ya kutoka dukani kwake.

Kisha pima. Mizani si lazima iwe ya fedha nyingi. Mwenye mizani ya kupimia watu asimame juu yake mikono mitupu, kisha asimame akibeba sanduku, atoe hesabu ya kwanza katika ya pili. Ile mizani ya kuning'inia ambayo zahanati hupimia watoto wachanga mara nyingi hufika kilo 25. Mama Muuguzi akikubali, na watoto wakiwa wamekwisha kupimwa, sanduku la kilo 23 lapimika pale bila shida. Msisahau kwamba sanduku lenyewe, likiwa tupu, huweza kuwa na kilo nne au tano. Zile valizi ngumu nzuri za madukani hula sehemu ya tano ya haki yako kabla hujaweka shati moja.

Vifurushi vya jamaa

Nimefika mahali pagumu. Mzigo wa Mwafrika haujawa wa mtu mmoja. Nusu ya sanduku ni salamu za watu: kwa kaka aliye Namur, kwa shemeji aliye Lille. Kumkatalia shangazi ni vigumu kuliko kulipa ada. Wako vijana wanaopokea kila kitu kwa heshima, halafu hutupa vitu uwanjani kwa siri na kusema vilipotea njiani. Hiyo ni mbaya zaidi kuliko kukataa.

Afadhali kupima mbele ya wote. Weka mizani uani, sema kilo zilizobaki ni ngapi, kila mmoja aone kifurushi chake kina uzito gani. Mama mkubwa akiona mwenyewe kwamba mihogo yake ni kilo sita, na zimebaki kilo nne za kugawana watu watano, atapunguza bila uchungu, na pengine ataanza yeye kuwapunguzia wengine.

Tena wafahamu kinachokubaliwa. Umoja wa Ulaya haukubali nyama wala maziwa kutoka nchi zetu, hata kidogo, hata nyama iliyokaushwa kwa moshi. Samaki wakavu, au wabichi waliotolewa matumbo, wakubaliwa hadi kilo 20 kwa mtu. Matunda na mboga mbichi, tangu tarehe 14 Desemba 2019, huhitaji hati ya afya ya mimea. Yaliyoachwa bila hati ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Embe halimo. Mtu akilipa kilo za ziada kwa ajili ya maembe, atakuwa amelipa ili yatupwe pipani Brussels. Mawese yakubaliwa, lakini yakae katika sanduku la chini, yamefungwa katika mifuko miwili au mitatu ya plastiki. Viwanja vingi bado vinashika kanuni ya mwaka 2006, kwamba maji na mafuta ya mkononi yasizidi mililita 100 kwa chupa.

Na kifurushi kilichoshonwa, ambacho mwenyewe hataki kifunguliwe? Kisipokelewe, hata kikiletwa na mtu wa parokia. Uwanjani utaulizwa kama umefunga mizigo yako mwenyewe. Kilichoonekana ndani yake ni chako mbele ya polisi, na hakuna atakayemwita yule jirani aje kushuhudia.

Mkononi viwe hati zote, fedha, dawa za kila siku, miwani, simu na betri za kuchajia simu. Betri hizo hazikubaliwi chini ya ndege, kwa maana zikishika moto huko hakuna wa kuzima. Basi ikiwa mlangoni mfanyakazi atauchukua mfuko wako ili uwekwe chini, simama kwanza, toa betri, dawa na hati. Usione haya kuwakawiza watu dakika moja.

Sanduku lisipofika

Yatokea kwamba mtu afika, na sanduku halifiki. Wengi hurudi nyumbani wakinung'unika, na hapo ndipo wanapopoteza haki yao. Mkataba wa Montreal wa 1999, unaofuatwa na nchi zaidi ya 130, pamoja na nchi zote za Umoja wa Ulaya, humlinda msafiri wa tikiti ndogo sawa na wa tikiti kubwa. Kabla ya kutoka uwanjani nenda penye meza ya mizigo iliyopotea, andikisha, chukua nakala yenye namba. Ile karatasi ndogo yenye mistari waliyokubandikia kwenye tikiti uliposalimisha sanduku usiitupe, kwa sababu ndiyo shahidi wako.

Sanduku likifika limevunjika, au vitu vimeharibika, andika barua kwa kampuni kabla ya siku 7 kupita. Likichelewa, unazo siku 21 tangu ulipolipata. Siku 21 zikipita tangu siku ambayo lilipaswa kufika, nalo halijaonekana, mkataba walihesabu kuwa limepotea, nawe waweza kudai thamani yake. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kiasi cha juu kwa abiria mmoja ni 1,519 katika fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, kadiri ya dola 2,000. Si kwamba kila mtu atapewa hizo zote: hupewa kadiri ya hasara aliyoionyesha, basi piga picha ya vitu kabla ya kufunga, na ziweke hati za vile ulivyonunua. Kampuni isipojibu, mlango wa mahakama hubaki wazi miaka miwili.